Posho ya Mpagazi

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenzetu, mtumishi wa umma katika fani ya ardhi, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Tabora. Imechapwa hapa kwa maombi ya wanachama.)



 Mara ya mwisho niliposimama mbele katika bwalo hili nilikuwa nimeitwa na mwalimu wa zamu nieleze kwa nini nilichelewa paredi. Leo nimeitwa kwa barua, tena ya adabu. Nilipomwuliza Katibu wetu nizungumze nini, alinijibu, "Zungumza kazi yako, lakini usitulaze usingizi." Kazi yangu ni ardhi, na ardhi ni mambo ya mipaka, majalada na vikao, kwa hiyo sharti lake la pili ni gumu kuliko la kwanza. Nitajitahidi.

Nimekuja na ombi moja. Naomba chama chetu kianzishe mfuko mdogo wa ruzuku kwa ajili ya vijana wanaosomea mambo ya ardhi, ili wanapokwenda kufanya mafunzo kwa vitendo vijijini, au kama wenyewe wanavyosema, wanapokwenda "fildi", wawe na chakula, malazi na nauli mpaka kazi iishe. Nimesema ruzuku, wala sikusema mkopo. Tena naomba tuanzie Ulyankulu. Sababu za ombi hili ni mbili: moja ya nchi, na nyingine ni kosa langu mwenyewe ambalo sijapata kulisimulia hadharani.

Wapagazi wa zamani

Sote tuliosoma Tabora tulifundishwa kwamba mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Miembe tuliyokuwa tukiipopoa mawe wakati wa likizo fupi ni sehemu ya historia hiyo. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi wetu tuliliruka katika daftari. Sehemu kubwa ya mizigo ya njia ile, yaani pembe, vitambaa na shanga, ilibebwa na Wanyamwezi, na wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa watu wa kazi waliopatana ujira kabla ya safari. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, pamoja na mkeka wake na chungu chake, na njiani alistahili kupewa posho yake ya chakula.

Posho isipotoka, wapagazi walitua mizigo. Wengine waliondoka usiku, na asubuhi mwenye msafara alikuta pembe zimelala peke yake porini. Kiongozi aliyeijua kazi yake hakubishana nao juu ya posho, kwa sababu alijua kwamba kilo 30 hazifiki Ujiji kwa maneno mazuri.

Ndugu zangu, naomba mlikumbuke neno hilo posho, kwa maana nitalirudia.

Ulyankulu ni mahali pa namna gani

Wapo hapa wanachama wa kutoka Mtwara, Moshi na Unguja ambao pengine Ulyankulu wanaijua kwa kwaya tu, ile ya Barabara ya 13. Basi nieleze kwa ufupi.

Ulyankulu iko kaskazini-magharibi ya mji huu, na siku hizi imo katika Wilaya ya Kaliua, iliyozaliwa kutoka Urambo mwaka 2012. Zamani ilikuwa katika himaya ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884 baada ya kuwatoa jasho wafanyabiashara wa Tabora kwa miaka mingi juu ya njia hiyo hiyo ya misafara. Ni nchi ya miombo, asali na tumbaku.

Mwaka 1972, maelfu ya watu walikimbia mauaji nchini Burundi, na Serikali yetu ikawapa mahali pa kuishi na kulima. Makazi ya Ulyankulu yalianza mwaka huo huo wa 1972. Katumba na Mishamo, upande wa Mpanda, yakafuata. Pori lilifyekwa, barabara zikachongwa na kupewa namba, na kila familia ikapewa kipande chake cha shamba. Maji hayakutosheleza idadi ile ya watu, na kuanzia mwaka 1978 sehemu yao walihamishiwa Mishamo. Waliobaki waliendelea kulima mahindi, mihogo na tumbaku, wakazaa, wakazika.

Mwaka 2007 mpango wa kumaliza suala la wakimbizi hao wa mwaka 1972 ulianza. Waliulizwa: kurudi Burundi, au kuomba uraia? Katika makazi yale matatu, wengi sana waliomba uraia, na watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa kwa wingi mwaka 2014. Mwaka 2015 Ulyankulu ilipiga kura ikiwa jimbo la uchaguzi.

Sasa tazameni pembeni mwa makazi hayo. Wako wenyeji ambao vijiji vyao vilipangwa upya wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, watu wakahamishwa kutoka mashamba ya babu zao. Wako wafugaji waliokuja na ng'ombe kutafuta malisho. Iko misitu ya hifadhi. Na liko bani la tumbaku, ambalo kila msimu linataka kuni. Makundi yote hayo yanakutana katika ardhi ile ile, na kila moja lina mpaka wake, ambao mara nyingi umeandikwa kichwani mwa mzee fulani na mahali pengine popote haumo.

Sheria inasema ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini wa wananchi. Imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla. Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika mwaka 2001. Kwa sheria hiyo ya pili, Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, mkutano mkuu wa kijiji una kauli, na mkulima anaweza kupata hatimiliki ya kimila. Ni sheria nzuri. Lakini ili ifanye kazi, lazima kwanza mtu atembee kwa miguu juu ya mpaka, akiwa na majirani wa pande zote mbili, aandike. Tuna vijiji zaidi ya 12,000 katika nchi hii, na maafisa ardhi si wengi hata kidogo.

Kosa langu

Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu Ardhi. Nilipangiwa mafunzo kwa vitendo ya wiki nane upande huu wa magharibi. Nilifurahi sana, nilijiona narudi nyumbani, maana Tabora ndiyo iliyonilea. Nilipewa kazi ya kuchora mchoro wa awali wa mpaka kati ya kijiji kimoja cha wenyeji na sehemu ya makazi ya Ulyankulu. Kijiji chenyewe sitakitaja jina, kwa sababu watu wake wamekwisha kupatana na sitaki kuwachokonoa.

Fedha za kujikimu hazikufika. Zilikwama wapi, sina haja ya kueleza. Kila aliyesoma chuo anajua kwamba fedha zina njia nyingi za kukwama. Baba yangu alikuwa ameniuzia mbuzi wawili, na hiyo ndiyo iliyokuwa hazina yangu yote. Nilifika kijijini kwa lori la tumbaku, nikapokewa na mzee mmoja aliyenipa chumba cha mwanawe. Mke wake akanilisha ugali, karanga na michembe. Kila siku mzee yule alichukua fimbo yake, tukatoka. Alinionyesha mninga wenye kovu, akanionyesha kichuguu kikubwa, akanionyesha korongo. "Hapa ndipo tunapoishia," aliniambia. Nami nikaandika.

Siku ya kumi na sita fedha ziliniishia. Mpango ulikuwa kwamba baada ya upande wa kijiji niende upande wa makazi, nikazungumze na watu wa kule, nitembee nao mpaka ule ule, nilinganishe. Kwa kuwa makazi yale yalikuwa ya wakimbizi, ilibidi kwanza nikaombe kibali cha kuingia, na hiyo ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi, na siku kadhaa za kungoja. Sikuwa na nauli ya kwenda, sembuse ya kungojea. Niliona haya kuendelea kula chakula cha mzee ambaye mwaka ule mvua ilikuwa imemdhulumu. Basi nikaupaka mchoro wangu wino, nikaandika jina langu katika pembe ya chini, upande wa kulia, kwa herufi safi kama tulivyofundishwa na mwalimu wetu wa jiografia hapa hapa, nikaukabidhi, nikarudi. Ripoti yangu ilipata alama nzuri.

Ndugu Mwenyekiti, hakuna aliyenilazimisha kuuandika mchoro ule kama kazi iliyokwisha. Ningeweza kuandika juu yake neno moja tu, "Haujakamilika." Sikuliandika, kwa sababu nilitaka alama. Hilo ni langu mwenyewe, na simtwiki mtu mwingine.

Mwaka 2016, nikiwa mtumishi wa umma mwenye miaka kadhaa kazini, nilitumwa katika kundi la kwenda kusikiliza mgogoro wa mpaka Ulyankulu. Nilipotajiwa jina la kijiji, moyo ulishtuka kidogo, lakini nilijipa moyo kwamba vijiji ni vingi. Tulikuta watu wamekusanyika chini ya mwembe, wenyeji upande huu, na wale waliokuwa wakimbizi, sasa raia wenzetu wenye vyeti vyao, upande ule. Miezi michache kabla ya hapo kijana mmoja alikuwa amekatwa panga la mkono shambani. Mwenyekiti wa kijiji alifungua bahasha, akatoa nakala ya mchoro, akasema, "Sisi ushahidi wetu ni huu. Ulichorwa na mtaalamu wa Serikali."

Ulikuwa mchoro wangu. Jina lilikuwa pale pale katika pembe.

Nilisimama nikasema kwamba mtaalamu huyo ni mimi, na wakati ule nilikuwa mwanafunzi. Palitokea minong'ono. Kisha upande wa pili akasimama bibi mmoja, mtu mzima, ambaye alikuja mwaka 1972 akiwa msichana, amebebeshwa mdogo wake mgongoni. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, wewe ndiye uliyechora?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ulipokuwa unachora, ulikuwa unalala wapi?"

"Kule, kwa Mzee."

"Huku kwetu ulifika?"

"Sikufika, Bibi."

"Basi," akasema, akakaa.

Nimepata kukemewa na wakubwa wa kazi, nimepata kuandikiwa barua za kutakiwa nijieleze, lakini sijapata kusikia neno zito kama lile "basi". Shamba lake la mihogo, alilolifyeka yeye na marehemu mumewe tangu likiwa pori, lilikuwa ndani ya mstari wangu, upande usio wake.

Mzee aliyenipokea alikuwa amekwisha kufariki. Mninga ulikwisha katwa. Nadhani uliishia katika bani. Kichuguu kilikuwapo. Tulianza upya. Siku nne tulitembea, wazee watatu wa huku na wazee watatu wa kule, pamoja na akina mama, maana wao ndio waliokumbuka mahali palipokuwa kisima cha kwanza. Mstari ulisogea mahali pengine kwenda huku, mahali pengine kwenda kule. Shamba la bibi lilibaki kwake. Mkutano ulikubali, nasi tukaandika.

Sisemi kwamba mchoro wangu ndio ulioshika panga. Mgogoro ule ulikuwa na mizizi mingine mingi. Nasema tu kwamba kazi iliyomalizika kwa siku nne mwaka 2016 ingeweza kumalizika mwaka 2003, wakati wazee wa pande zote mbili wakiwa hai na mninga umesimama, kama mwanafunzi yule angekuwa na chakula cha wiki sita zaidi.

Wengine wamefanyaje

Huenda mtu akauliza: je, vijana wanafaa kweli kwa kazi hii nyeti? Jibu limekwisha kupatikana hapa hapa nchini. Katika Mkoa wa Iringa, kuanzia kijiji cha Ilalasimba, palifanyika jaribio la kupima mashamba kwa kutumia simu za mkononi, na waliotembea mashambani na simu hizo walikuwa vijana wa vijiji vyenyewe, waliofundishwa kwa muda mfupi. Jaribio hilo lilizaa mradi mkubwa zaidi wa Iringa na Mbeya, uliofadhiliwa na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2021, nao ulitoa hati za kimila kwa makumi ya maelfu. Mradi mwingine wa namna hiyo, kwa fedha za Uingereza, Sweden na Denmark, ulifanya kazi Kilombero, Ulanga na Malinyi. Aidha, mwezi Desemba 2021 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa kuboresha usalama wa milki za ardhi nchini.

Hali kadhalika, Wamarekani wenyewe, uchumi wao ulipoanguka, waliunda mwaka 1933 jeshi la vijana wa kazi, wakapanda miti, wakachimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, wakajenga njia katika misitu ya umma. Hadi mwaka 1942 walikuwa wamepita humo vijana kama milioni tatu. Kila mmoja alilishwa, akavishwa, akalipwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo 25 zilipelekwa kwa wazazi wake. Hawakuambiwa wafanye kwa kujitolea eti kwa sababu wanajifunza.

Miradi mikubwa ina mwanzo na mwisho. Gari linaondoka, bango linabaki. Wanafunzi, kwa upande wao, wako kila mwaka. Hapa hapa mjini kuna Chuo cha Ardhi Tabora. Kipo Chuo cha Ardhi Morogoro. Kipo Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Kila mwaka vijana wao wanatafuta mahali pa kufanyia mafunzo. Asiye na fedha anabaki mjini, mahali penye shangazi wa kumlaza, anapewa kazi ya kupanga majalada na kuchemsha chai. Ulyankulu hapafiki, kwa sababu Ulyankulu hana shangazi.

Mtaniambia, ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Ni kweli, na tangu ilipoanza kazi mwaka 2005 imesomesha wengi, na fedha za mafunzo kwa vitendo zimo katika mikopo yake. Lakini si kila mwanafunzi anapata mkopo. Na kwa miaka mingi mikopo ilikuwa kwa wa shahada. Wa stashahada walianza kufikiriwa katika mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani zilizochaguliwa. Kijana wa astashahada au stashahada, ambaye ndiye hasa atakayekuja kufanya kazi wilayani, mara nyingi bado anategemea mbuzi wa baba yake.

Mambo ya fedha

Sasa nifikie hesabu, maana najua Mweka Hazina wetu amekwisha kutoa kalamu.

Kijana mmoja kwa wiki nane ana siku 56. Tukimpa shilingi 15,000 kwa siku kwa chakula na malazi, ni shilingi 840,000. Nauli za kwenda, kurudi na za kuzunguka, 60,000. Buti, koti la mvua, madaftari na mahitaji mengine madogo, 100,000. Jumla ni shilingi 1,000,000 kwa kijana. Vijana kumi ni shilingi milioni kumi. Tukipatikana wanachama 200, kila mmoja atoe shilingi 50,000 kwa mwaka. Nisamehewe nikisema kwamba fedha hiyo wapo hapa wanaoitumia kwa kitimoto na vinywaji katika jioni moja ya Jumamosi, na mimi nimo.

Lakini fedha bila masharti ni kumwaga maji mchangani. Napendekeza masharti matano:

Kwanza, posho itolewe kabla ya safari, si baada ya ripoti. Nusu mwanzoni, nusu wiki ya nne, naye kijana awe uwandani, siyo mjini.

Pili, kijana afanye kazi chini ya afisa aliyeajiriwa. Mwanafunzi hapimi peke yake, haamui mgogoro, wala hatii sahihi. Kazi yake ni kutembea, kuuliza, kuandika, kusoma ramani mbele ya wanakijiji, na kusaidia kuweka sawa masijala ya ardhi ya kijiji.

Tatu, hakuna mchoro utakaopokelewa kama haukutembelewa na majirani wa pande zote mbili, wanaume na wanawake. Sheria yenyewe imeweka wanawake watatu kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Basi na sisi tusichore mpaka kwa kauli ya wanaume peke yao. Kazi isiyokwisha iandikwe juu yake, kwa herufi kubwa, HAUJAKAMILIKA, na kijana asipunguziwe alama kwa kusema kweli.

Nne, nafasi zigawiwe sawa kwa vijana wa kike na wa kiume. Najua sisi ni shule ya wavulana, na wapo watakaotaka mfuko uwe wa wavulana wetu tu. Mimi napinga. Mama mjane hamwambii kijana wa kiume kila kitu kuhusu shamba lake. Na katika vijana hao kumi, angalau watatu wawe watoto wa Ulyankulu wenyewe, wa vijijini na wa yale yaliyokuwa makazi. Wao lugha wanaijua, na shangazi wanaye.

Tano, hesabu za mfuko zisomwe kila mwaka mbele ya mkutano huu, hata kama zimebaki shilingi mia mbili.

Najua liko neno moja ambalo halijasemwa: "Hii si kazi ya Serikali?" Mimi ni mtumishi wa Serikali na najibu: ndiyo, ni kazi ya Serikali, na ninaifanya kila siku. Sipendekezi tuchukue nafasi ya Halmashauri ya Wilaya wala ya Wizara. Napendekeza kwamba pale ambapo Serikali imetoa sheria, imetoa afisa na imetoa chuo, na kinachokosekana ni sahani ya ugali ya mwanafunzi, sisi tuliolishwa katika bwalo hili kwa kodi ya wakulima wa tumbaku na pamba tuitoe sahani hiyo. Mwalimu Nyerere, aliyeingia katika shule hii mwaka 1937, hakuchoka kutukumbusha kwamba aliyesomeshwa na wananchi ana deni kwao. Basi deni letu leo nimelifanyia hesabu: ni shilingi 50,000 kwa mwaka.

Kumalizia

Mwaka jana nilipita Ulyankulu kwa kazi nyingine. Nilikwenda kumsalimu yule bibi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanipa mihogo ya kuchemsha kutoka shamba lile lile. Nilipomweleza wazo hili la mfuko, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Hao watoto watakuja kulala na huku?"

Nilimwambia kwamba sina mamlaka ya kuahidi, ila nitawauliza wenzangu niliosoma nao.

Ndugu zangu, ndilo swali nililokuja kuwaulizeni. Mpagazi yuko tayari, mzigo umekwisha fungwa, na njia ya Ulyankulu tunaijua. Bado posho. Ndugu Mwenyekiti, naomba ombi langu liwekwe katika orodha ya mambo ya kuamuliwa leo, kabla ya chakula cha mchana, maana nawajua wenzangu: wakishakula hawaamui kitu.

Bahasha yangu mwenyewe, yenye shilingi 50,000 za mwaka huu na nyingine 50,000 za mwaka 2003, namkabidhi Mweka Hazina sasa hivi, mbele yenu.